Ng' ya Ng'ombe

Kompyuta ya Mama Prisca ilipoanza tena kuganda, hakuna aliyeshtuka. Kuganda ndiyo tabia ya kompyuta za steshenari, na ile ya Ilomba, Mbeya, ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Ila hii ilikuwa na mahali pake pa kugandia. Dirisha la programu ya kuandikia likienea kioo kizima, unachapa mpaka vidole viume na hakuna neno. Ukilibana dirisha hilohilo likafika upana wa vidole vinne, kila kitu kinasimama: mausi, saa ya kule pembeni, hata feni la ndani linanyamaza.

Na Kalista, ndilo jina la Mama Prisca, hakujua kufanya kazi bila kulibana. Wateja wa siku hizi hawaji na karatasi. Wanaandika kwa mkono nyumbani, wanapiga picha, wanamtumia kwa WhatsApp, halafu wanakuja kuuliza kama tayari. Yeye huiweka picha upande mmoja wa kioo, programu upande wa pili, anasoma huku anachapa kule. Miaka sita ameishi kwa mtindo huo. Mume alivuka Tunduma kwenda Zambia kutafuta maisha na inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Steshenari ndiyo iliyomsomesha Prisca, binti yake wa pekee, mpaka akamaliza kidato cha nne na alama za kumtoa mama machozi.

"Imestaki tena?" Prisca aliuliza siku hiyo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, vyeti vyake mapajani, anasubiri fomu yake ya chuo cha uuguzi cha Iringa ichapwe. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Imestaki. Ngoja niizime."

Akaizima, akaiwasha. Fomu ilikuwepo, salama, isipokuwa chini kabisa palikuwa na herufi mbili ambazo Kalista hakuzichapa: Ng. Na pembeni yake kile kimstari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, kinasubiri aendelee.

Alizifuta, akaprinti, akampa mtoto karatasi. Prisca akaisoma, akacheka.

"Mama, umenikata mkia. Umeandika Prisc."

Kwenye kioo jina lilikuwa zima. Kwenye karatasi lilikuwa na pungufu ya herufi moja. Kalista akasingizia wino.

Siku ya pili printa ilitoa Pris. Siku hiyo ndipo harufu nayo ilipoanza. Steshenari imebanwa kati ya saluni na duka la vipuri vya pikipiki, harufu zake ni dawa ya nywele na oili chafu, lakini kila dirisha lilipobanwa mle ndani palinuka zizi: maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, ngozi iliyolowa mvua. Kalista alitoka nje kuangalia kama kuna mifugo inapita. Hakukuwa na hata mbuzi. Aliporudi alisikia kengele, ile ya kufungwa shingoni mwa ng'ombe, inalia taratibu ndani ya sanduku la kompyuta, na mlio wake ulikuwa wa mnyama anayetembea bila haraka kwa sababu anajua njia.

Watu wa Mbeya tunajidanganya kwamba majini ni ya pwani, kwamba huku kwetu baridi ya mlima Loleza inayafukuza. Kalista naye aliamini hivyo. Alichukua vyeti vya mwanawe akaenda kuchapisha fomu kwa jirani, steshenari ya barabarani yenye mashine mpya. Ikatoka nzuri, jina zima, akailipia, akaiweka kwenye bahasha na kuilamba gundi. Alipoifungua nyumbani aitazame tena, jina la mtoto lilikuwa Pri.

Usiku huo Prisca hakula. Alikaa kitandani ameshika kifua.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona hiki chumba kimekuwa kidogo?"

Asubuhi Kalista alimpigia Jofrey.

Jofrey alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, fundi kompyuta pale Iringa mjini, kijana wa kanisani asiyeamini majini wala hata watu wengi. Alifika jioni na begi lake la bisibisi, akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene, dada," akakataa chai, akaketi mbele ya mashine kama daktari aliyechoka na wagonjwa wanaojitibu.

"Nionyeshe inavyoganda."

Kalista akalibana dirisha. Ikaganda. Harufu ikaja. Jofrey alikunja pua, akatazama soli za viatu vyake.

Kazi aliijua, tumpe haki yake. Aliiondoa programu, akaiweka upya. Ikaganda. Alibadilisha mwandiko, akachomoa printa, akachomoa kila kilichochomekwa. Ikaganda. Akachukua barua moja ya zamani ya mteja akaikata nusu, akabana dirisha, ikaganda. Akaikata ile nusu nayo nusu, hivyo hivyo akienda akipunguza, atafute neno gani ndilo lenye ugonjwa, mpaka ukabaki ukurasa mweupe usio na hata nukta, akabana dirisha, na ukurasa mweupe nao ukaganda.

"Hii sasa ni dharau," Jofrey alisema.

Kisha akaeleza, na alieleza polepole kwa sababu alikuwa anajieleza mwenyewe. "Ukibana dirisha, dada, programu lazima itafute pa kukatia mstari. Hizi programu za bure zina ugonjwa mmoja naujua. Zikikuta neno lenye kialama juu katikati, kile cha ng'ombe, zinashindwa kujua hilo ni neno moja au mawili. Inakata, inaona imekosea, inarudi, inakata tena. Inazunguka hapohapo mpaka uizime. Hapa inafanya kitu hichohicho. Inazunguka kwenye kialama." Akageuka. "Ila kialama hakipo. Nimetafuta faili zima. Ni kama inajikwaa mahali ambapo kitu kimeng'olewa."

Kalista akafuta vumbi juu ya printa.

"Halafu kuna hili. Ngwashi Budeba ni nani?"

"Umelitoa wapi hilo jina?"

"Liko kwenye maelezo ya faili, kule ndani kusikoonekana. Kila barua. Barua ya mwalimu wa Mwanjelwa, jina la faili ndani ni Ngwashi Budeba. Mkataba wa pagala la Mzee Kalinga, Ngwashi Budeba. Fomu ya Prisca, Ngwashi Budeba. Wewe huanzi ukurasa mpya, si ndiyo? Unafungua ya zamani, unafuta ya mtu, unaandika ya mwingine juu yake."

Ndivyo alivyofanya. Ndivyo wanavyofanya wote wenye steshenari, ukianza ukurasa mpya kila mara utalala njaa. Kwa miaka miwili kila karatasi iliyotoka mle ndani ilikuwa imeandikwa juu ya ile ya msichana mmoja, na msichana huyo Kalista alimkumbuka mara moja, kwa uwazi uliomuudhi, maana kwa miaka hiyo miwili hakuwahi kumkumbuka hata mara moja.

Alikuja na baba yake kutoka Usangu, kule tambarare ambako Wasukuma walihamia na mifugo. Baba, Budeba, alitaka karatasi ya kibali cha kusafirisha ng'ombe. Binti alitaka fomu ya chuo cha uuguzi cha Iringa, chuo kilekile. Alikuwa mrefu, ana haya, anashika vyeti kwa mikono miwili. Kalista akaibana programu, akaweka picha pembeni, akaanza. Kwenye kibali mashine iliganda kila ilipofika neno ng'ombe. Akaizima, akaiwasha, mara tatu, akahangaika, akapanua dirisha, akaandika vizuri, kwa sababu alimjua bwana mifugo wa kule: neno likikosewa anarudisha karatasi. Ilipofika zamu ya binti, ikagandia kwenye jina lake. Ng'washi. Na hapo Kalista alikuwa amechoka, na nje kuna wateja wanne. Akakifuta kile kialama. Mashine ikapita bila shida.

Msichana alisoma karatasi, akaiweka mezani taratibu.

"Samahani, mama. Hapa umeandika ng ya ngoma. Mimi ni ng' ya ng'ombe."

"Haina maana hiyo, mwanangu. Wasomi wataelewa."

"Huyo siye mimi, mama." Akaomba kalamu akiongeze mwenyewe kwa mkono, ni kialama kidogo tu.

"Usichafue karatasi," Kalista alimwambia, akaita mteja mwingine.

Haya hakumweleza Jofrey. Alimwambia tu ni msichana fulani wa Usangu aliyekuja siku nyingi. Jofrey aliziprinti zile taarifa za ndani ya faili, akamwachia karatasi yenye jina, akamshauri aitupe hiyo mashine Mto Nzovwe anunue nyingine, akaenda kulala kwa rafiki yake mtaa wa Soweto ingawa kitanda cha wageni kilikuwa kimetandikwa.

Kesho yake jina lilitoka Pr. Prisca alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na alikuwa amekataa kukaa chumbani, amekaa kibarazani amejifunika blanketi, anasema akiingia ndani kuta zinamsogelea. Hospitali walimpima mapafu wakaona mazima. Zilibaki siku nne.

Mtu mwenye akili angeichukua simu akapiga namba ya Budeba, iliyobaki kwenye WhatsApp na picha za fomu. Kalista aliichukua simu, akaitazama namba, akairudisha mezani. Aliona heri jini. Jini unaliitia mtaalamu, linafukuzwa, na wewe unabaki mtu mwema aliyeonewa. Kwa hiyo akamwita Andendekisye, mtaalamu wa Uyole.

Andendekisye alikuja saa nane mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, magari yamewasha taa barabarani. Alikuwa na koti la suti, chumvi ya mawe, udi na simu mbili. Alifunga mlango wa steshenari, akachoma udi, akamwambia Kalista akae kwenye kiti asipishanishe miguu.

"Ndaga, mama," alisema kwa Kinyakyusa. "Jini la kwenye mashine nimeshatoa Tukuyu na Kyela. Linahitaji kuitwa jina lake tu, mara saba, linatoka. Jina tunalo?"

Kalista akampa ile karatasi ya Jofrey.

Mtaalamu alivaa miwani. "Libane hilo dirisha."

Akalibana. Feni likanyamaza, na kengele ikaanza, mbali kidogo. Andendekisye akasimama, akamwaga chumvi kuzunguka meza, akaita kwa sauti ya kutisha watoto:

"Ngwashi! Toka!"

Ng ya ngoma. Kalista alisikia kosa lilivyogonga hewa. Mdomo wake ulifunguka amsahihishe, na angesema neno moja tu angekuwa amemaliza, lakini ili amsahihishe ingebidi aeleze amejuaje, na nani aliyelikosea kwanza, basi akaufunga mdomo, na mtaalamu akaita tena, Ngwashi, na tena, Ngwashi, na kila alipoita kengele ilisogea, ikawa si moja bali nyingi, zikawa kundi zima linalopita, na harufu ya zizi ikaumeza udi, na Kalista akaona, au alidhani ameona, rafu za daftari zikisogeleana, ukuta wa saluni ukija upande huu na ukuta wa vipuri ukija upande ule, kaunta ikipanda kifuani mwake, mpaka chumba kile ambacho kwa miaka sita kilikuwa hatua nane kwa sita kikawa upana wa mtu mmoja aliyelala, na yeye alikuwa ndani yake, na pumzi aliyovuta ilifika kooni ikakuta pamejaa udongo.

Printa ikawaka yenyewe. Ikavuta karatasi moja, ikaitoa polepole, nusu mstari, ikatulia, nusu mstari.

Andendekisye aliisoma akiwa amesimama mbali. Akavua miwani. Akakusanya udi wake ukiwa bado unawaka, akafungua mlango, akaenda, na mmoja wa wale wa saluni alisema baadaye kwamba alimwona anakimbia na simu moja, nyingine ameisahau.

Kwenye karatasi palikuwa na maneno matatu: Huyo siye mimi.

Ndipo Kalista alipopiga simu. Iliita sana. Ikapokewa na sauti ya mzee, nyuma yake upepo.

"Naongea na Mzee Budeba? Ni mimi, mama wa steshenari ya Ilomba. Nilikuchapia kibali, mwaka juzi."

"Kibali nakumbuka."

"Namuulizia binti. Ng'washi." Alilitamka vizuri. Aliona aibu kwa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Njoo," alisema Budeba. "Ukitaka kumuulizia, njoo umuulizie hapa."

Alikwenda Jumatano, basi mpaka Rujewa, halafu bodaboda ng'ambo ya Ubaruku, jua kali, vumbi, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Prisca alibaki kibarazani na Jofrey. Asubuhi hiyo jina lilikuwa limebaki P.

Budeba alikuwa amekaa chini ya kibanda cha nyasi mbele ya nyumba. Hakusimama. Alimwonyesha kigoda, akamwambia mkewe alete maji, na baada ya maji akaeleza bila kumtazama.

"Alichaguliwa. Chuo kilimwita. Akaenda Iringa na sanduku. Kufika, mama wa mezani akaangalia fomu, akaangalia cheti cha kuzaliwa, akasema hawa watu wawili. Huyu wa fomu siyo huyu wa cheti. Akamwambia nenda mahakamani ukaape kwamba wewe ndiye wewe, uje na karatasi. Akarudi Mbeya. Akaja pale kwako, palikuwa pamefungwa."

"Nilikuwa msibani," Kalista alisema.

"Ulikuwa msibani. Basi siku zikapita, nafasi ikapewa mtu. Akarudi huku. Na mimi kulikuwa na mtu alishanitajia ng'ombe wa mahari. Nilikuwa nimemkataa kwa sababu mtoto anasoma. Sasa hasomi. Nikakubali." Alisugua goti. "Mimba ya kwanza akaja kujifungulia kwa mama yake, ndivyo tunavyofanya. Hospitali mbali, mvua, gari likazama kwenye tope, akafia humo. Mtoto naye aliishi siku mbili. Angekuwa nesi, labda angejua cha kufanya. Sijui."

Kalista alianza kulia. Budeba alisubiri amalize kama mtu anayesubiri mvua ipite, bila hasira na bila huruma.

"Kile kibali chako ninacho mpaka leo," alisema. "Nilimpa mjukuu anayesoma anisomee. Ng'ombe umewaandika vizuri wote, mama. Kila mahali kijialama kipo. Mtoto ndiye uliyemkata."

Mimi nasimulia tu, na hata mimi sioni angejibu nini.

Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi. Ng'ombe walikuwa wanaingia, kengele zao zilezile, harufu ileile, na Kalista alilazimika kusimama kidogo ashike uzio. Msalaba ulikuwa wa mbao, jina limechomwa kwa chuma cha moto. NGWASHI BUDEBA. Budeba alieleza kwamba fundi hakujua kuandika jina hilo, kwa hiyo walimpa ile karatasi ya chuo, wakamwambia afuatishe hivyohivyo.

Kalista aliomba nyundo na msumari. Mzee alimtazama, akamletea. Alipiga magoti, akaweka ncha ya msumari kati ya G na W, juu kidogo, akagonga. Aligonga mpaka kichwa cha msumari kikazama sawa na mbao, kikabaki kidoti cheusi mahali pake. Kisha akaliita jina lake lote kwa sauti, ng' ya ng'ombe, Ng'washi Budeba, akaomba msamaha, akamwomba amwachie mwanawe. Kengele zilinyamaza. Labda ng'ombe walikuwa wamekwisha kuingia.

"Alama umeirudisha," Budeba alisema nyuma yake. "Nashukuru, ilikuwa inanisumbua. Nafasi yake ya chuo utamrudishia na nini?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akachukua nyundo yake akaenda.

Kalista alipofika Ilomba Alhamisi, Prisca alikuwa ndani, anakula wali kwa pupa, analalamika kwamba chumvi imezidi. Jofrey alikuwa amelibana dirisha mpaka likawa kama uzi na programu ilikuwa inafanya kazi. Anasema ametafuta kilichoiponya hajakiona. Hawakubishana naye. Kalista alianza ukurasa mpya, mweupe, wa kwanza kwa miaka miwili. Akachapa fomu ya mwanawe herufi kwa herufi huku Prisca anamtajia. Waliisoma wote watatu, wakaiweka juu ya cheti cha kuzaliwa, wakaisoma tena. Prisca, herufi sita, hakuna pungufu. Jofrey aliondoka nayo mwenyewe na basi la asubuhi, akaifikisha chuoni Ijumaa mchana, akapiga picha muhuri wa kupokelewa.

Jina lilitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Kalista alichinja kuku wawili, akaalika saluni na vipuri. Akashona sare mbili, akanunua sanduku jekundu, na siku ya kuripoti akampandisha mtoto basi la Iringa, akasimama stendi mpaka basi likapotea. Kisha akaja kufungua steshenari. Alikuwa anaimba. Alikuwa amejiwekea sheria: jina la mtu linasomwa mara tatu, na mwenye jina anaambiwa aseme kama ndiyo yeye.

Saa saba mchana simu iliita.

"Mama, niko hapa mezani," Prisca alinong'ona. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi. "Wanasema majina hayafanani. Kwenye fomu kuna kialama katikati ya jina langu. Juu, baada ya ile i. Kidogo kama mbegu ya ulezi."

"Hakuna! Tuliisoma wote watatu, mwambie—"

"Kipo, mama. Nakiona. Hata kwenye kompyuta yao kipo. Anko Jofrey nimempigia, amenyamaza tu."

Kalista alihisi kaunta imesogea ikamgusa tumbo. Alisikia kengele, moja tu, haina haraka.

"Waambie haina maana hiyo," alisema kwa nguvu, "waambie ni alama ndogo tu, ni wasomi, wataelewa," na maneno yalipokwisha kutoka aliyatambua, yote, mpangilio na sauti yake, akaweka mkono mdomoni.

"Nimewaambia," Prisca alisema. Alikuwa ameanza kulia. "Nimeomba kalamu nikifute mwenyewe, wamesema nisichafue karatasi. Mama, wanasema huyo siye mimi."